Kufunga mashine ya maji matamu kwenye boti ya tanga, kuanzia tundu la chini hadi maji ya kusuuzia

Boti nyingi za tanga zinazoingia Kilifi kutoka Shelisheli na Madagaska siku hizi zina mashine ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, wenyewe wanaiita wotameka, na zile ambazo hazina, mwenye boti akishabeba mitungi ya maji na dingi (kile kiboti kidogo cha kufikia ufukweni) juani siku mbili tatu anaanza kuuliza fundi ni nani hapa. Kwa hiyo kazi ipo na itazidi kuwepo. Fundi wa bomba au wa injini anayejua spana na testa anaiweza vizuri tu, haihitaji kungoja mtu aletwe na ndege. Naandikia fundi, na pia nahodha anayetaka kujifungia ya kwake.

Kabla hatujagusa drili shika jambo moja. Hizi mashine haziuawi na chumvi, chumvi ndiyo kazi yake. Zinauawa na hewa inayoingia kwenye njia ya kunyonya, mafuta, klorini, na kukaa na maji ya bahari tumboni bila kufanya kazi. Na yote hayo manne yanaamuliwa siku ya kufunga, sio baadaye. Upande wa kunyonya ukiwa safi na njia ya kusuuza ikiwa rahisi kiasi kwamba hata mtu aliyechoka saa nne usiku anafungua koki moja tu na kwenda kulala, membreni, ile karatasi inayozuia chumvi, itakaa miaka. Ikiwa kusuuza kunataka kufungua mbao za sakafu na kutafuta spana, hakuna atakayesuuza, na utaitwa tena mapema.

Ndani kunafanyika nini

Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Membreni ni karatasi nyembamba sana ya plastiki iliyoviringishwa ndani ya bomba gumu, inapitisha maji na kuzuia chumvi, ila maji kwa hiari yake yanataka kwenda upande wenye chumvi, hayataki kutoka huko, na nguvu ya kuyavuta ni karibu bar 27. Pampu lazima ishinde hiyo nguvu na kuzidi, ndio maana mashine za boti zinafanya kazi karibu na bar 55, yaani psi 800. Maji yote hayageuki matamu. Kwenye mashine ndogo ni kama sehemu moja kwa kumi, iliyobaki inarudi baharini ikiwa na chumvi iliyozidi kidogo, na hayo yanayorudi ndiyo yanayoosha uso wa membreni chumvi isigande pale. Maana yake ukitaka lita 24 kwa saa lazima uvute karibu lita 240, mfululizo, bila hewa. Kumbuka hiyo hesabu tukifika kwenye mpira wa kunyonya.

Kuchagua mashine

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya betri, volti 12 au 24, yenye pampu inayorudisha nguvu, yaani presha ya yale maji yanayotoka inatumika tena kusukuma yanayoingia. Spectra ya Marekani na Schenker ya Italia ziko kundi hili. Mashine ya lita 24 hivi kwa saa inakula kama ampea 9 kwa volti 12. Familia ya watu wanne wanaotumia lita 80 kwa siku itaiwasha saa tatu na kitu, hiyo ni kama ampea-saa 30, na boti yenye sola ya kutosha kwenye jua letu hili inamudu bila kuwasha injini. Ya pili ni pampu ya pistoni ya kawaida inayozungushwa na mota ya volti 230 au na injini ya petroli, kama Rainman ya Australia. Hii inakula umeme mwingi, kilowati moja na nusu na kuendelea, lakini hizo lita 80 inazitoa kwa saa moja hivi na vipuri vyake ni rahisi kueleweka, pampu yenyewe ni ndugu wa pampu ya kuoshea magari, ila yake imetengenezwa kwa stenlesi au bronzi.

Ushauri wangu kwa boti inayokaa kwenye nanga na kuishi kwa sola ni ya betri, na kwa boti ambayo tayari ina jenereta ni ya volti 230. Kuna na ndogo sana, Katadyn 40E, inatoa lita 5 na kitu kwa saa kwa ampea 4 na inaweza kusukumwa kwa mkono stima ikiisha, kwa mtu anayesafiri peke yake inatosha. Yoyote utakayochukua, hakikisha membreni ni ya saizi ya kawaida, inchi 2.5 kwa 40 au inchi 2.5 kwa 21, kwa sababu hizo unaagiza popote duniani kutoka kampuni yoyote. Mashine yenye membreni ya saizi yake peke yake inamfunga mwenye boti kwa muuzaji mmoja maisha yote.

Mahali pa kuiweka

Pampu ya kusukuma ya kwanza, ile ndogo inayolisha, iwe chini ya mstari wa maji wa boti, karibu na ngama iwezekanavyo lakini sio ndani ya ngama penyewe, maana maji ya ngama yakipanda yanaiua mota. Ikiwa chini maji yanaijaza yenyewe, haihangaiki kuvuta. Pampu kubwa na membreni zinaweza kukaa juu kidogo, chini ya kitanda au kwenye kabati, mbali na injini. Joto ni adui, membreni nyingi mwisho wake ni nyuzi 45 na chumba cha injini kikifungwa mchana wa Februari kinapita hapo bila shida. Ukipima nafasi usipime urefu wa membreni tu, pima na nafasi ya kuitoa, kwa sababu siku ya kubadilisha inachomolewa kwa ncha, na ukiwa umeibana kati ya kuta mbili itabidi ung'oe kila kitu. Filta nazo ziwe mahali mtu anafikia akiwa amepiga magoti na ndoo imekaa chini yake, kila ukifungua kuna maji yatamwagika.

Tundu la chini

Watu wengi wanataka kukwepa kutoboa, wanataka kuchukua maji kwenye njia ya injini kwa kuweka T. Usikubali. Injini ikiwashwa zinanyang'anyana maji, na ile njia ina mapovu na wakati mwingine mafuta. Kuchukua kwenye njia ya choo ndio kabisa tusiongee. Mashine hii inastahili tundu lake, la robo tatu ya inchi, na koki yake.

Tundu likae chini sana, karibu na mkuku, kwa sababu boti ya tanga inalala upande ikienda na tundu lililo juu ubavuni litatoka nje ya maji upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, na kunyonya hewa. Likae mbele ya mahali choo na sinki zinapotolea, sio nyuma yake, ili uchafu usipelekwe kwenye mdomo wa kunyonya. Lisikae omo kabisa, pale mawimbi yanavunjika kuna povu tupu.

Boti itolewe majini. Najua bamvua letu linashuka zaidi ya mita tatu na mafundi wengi wanapenda kupweleza boti kwenye mchanga wakafanya kazi ya haraka, kwa kupaka rangi sawa, kwa tundu la chini hapana, usifanye kazi ya gundi huku unaangalia maji yanarudi. Toboa kitundu kidogo kutoka ndani kwanza ili ujue umetokea wapi nje, kisha nenda nje umalizie na msumeno wa duara. Kile kipande kilichotoka usikitupe, kiangalie. Kikiwa faiba tupu sawa. Kikiwa na mbao nyepesi ya balsa au povu katikati, simama hapo hapo, kwangua ile mbao kuzunguka tundu kama sentimita mbili ndani, jaza epoksi nzito, iache ikauke, utoboe tena. Ukiruka hatua hii maji yataingia polepole kati ya tabaka mbili za faiba na mbao itaoza, mwenye boti atakuja kujua miaka baadaye ubavu ukiwa laini.

Koki iwe ya bronzi au ya ile plastiki ngumu yenye nyuzi za faiba inayotengenezwa kwa boti. Shaba ya njano ya dukani, ile ya bomba la nyumba, hapana, maji ya bahari yanakula zinki iliyo ndani yake, inabaki ya rangi ya waridi na siku moja inavunjika mkononi kama biskuti. Ndani weka kibao cha kuegemea, plaiwudi ya baharini iliyopakwa epoksi pande zote au kipande cha faiba nene. Gundi ya kuzibia ni ya polyurethane, Sikaflex 291 inafanya kazi vizuri. Paka nyingi, kaza mpaka itokeze pande zote, acha ikauke siku zake kabla boti haijarudi majini. Boti ikirudi usiondoke mara moja, kaa na tochi na kitambaa kikavu uangalie pale.

Njia ya kunyonya

Hapa ndipo nataka upoteze muda mwingi kuliko mahali popote. Kutoka kwenye koki mpira uende kwenye chujio la wavu, kisha pampu ya kulisha, kisha filta ya mikroni 20 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kisha ya mikroni 5, kisha pampu kubwa. Mpira uwe ule mgumu wenye waya ndani usiojikunja ukinyonywa, upana usipungue robo tatu ya inchi mpaka kwenye pampu ya kulisha, kona chache, na uwe unapanda taratibu bila mgongo wa kukusanya hewa. Kila kiungo hosi klipu mbili za stenlesi 316.

Sasa elewa hili kwa sababu linawasumbua mafundi wazuri kabisa. Baada ya pampu ya kulisha, kiungo kikilegea maji yanatoka nje, unaona tone, unakaza. Kabla ya pampu ya kulisha kiungo kikilegea, pampu ikiwa inavuta hakitoi maji hata tone, kinavuta hewa ndani, pako pakavu kabisa unapaona pazuri, na mashine inapiga kelele, presha inaruka ruka, maji matamu yanapungua, unaanza kushuku pampu kubwa ambayo haina kosa. Dawa yake ni kuweka kipande cha mpira wa kuona ndani, kama sentimita 20, kabla tu ya pampu kubwa. Mashine ikifanya kazi piga tochi pale. Ukiona mapovu madogo yanapita kama soda, rudi nyuma kiungo kwa kiungo, na anza na kifuniko cha lile chujio la wavu, oringi yake, ile pete ya mpira ya kuzibia, ndiyo hulala kombo mara nyingi.

Baada ya filta weka geji ndogo ya presha. Siku filta zikiwa mpya andika namba na kalamu ya wino mzito ukutani karibu na geji. Namba ikishuka kufika nusu, filta zimejaa. Chukua zile filta za kukunjwa kunjwa za polyester, unaziosha kwa brashi laini na maji ya bahari na kurudisha mara kadhaa kabla ya kutupa. Mashine ikipumzika siku nyingi zitoe uzikaushe juani, maana vijidudu vya baharini vilivyokwama mle vinaoza na kutoa harufu ya yai viza, na ukiwasha tena hiyo harufu yote inaingia kwenye membreni.

Kati ya chujio na pampu ya kulisha weka na koki ya njia tatu yenye mpira mfupi mwisho. Hiyo utaitumia kunyonya dawa kutoka kwenye ndoo. Wengi huiacha kwa kuokoa pesa kidogo, halafu kila kuhifadhi mashine ni kufungua mipira.

Upande wa presha

Hapa ni bar 55, hakuna mchezo. Paipu ziwe zile zilizokuja na mashine au za haidroliki zilizoandikwa presha angalau mara mbili ya hiyo, na viungo vya stenlesi 316. Viungo vya koni haviwekwi tepu ya tredi, chuma kinakaa juu ya chuma, tepu inaharibu tu na vipande vyake vinaenda kuziba koki ya presha, ile ya kupandisha na kushusha presha. Tepu ni ya tredi za kawaida za upande wa presha ndogo, na hata hapo acha tredi ya kwanza wazi. Oringi za membreni zipakwe glycerine au grisi ya silikoni ya chakula kidogo sana. Vaselini na grisi ya injini hapana, ni mafuta yale yale tunayoyakimbia.

Ukishuku panavuja usipitishe mkono. Mchirizi mwembamba wa presha hiyo unaweza kuingia chini ya ngozi, ni jeraha la kukimbizwa hospitali. Pitisha kipande cha kadibodi.

Maji machumvi yanayotoka yapelekwe nje kupitia tundu lililo juu ya mstari wa maji, nyuma ya mdomo wa kunyonya. Likiwa juu unayaona na kuyasikia, unajua mashine inapumua.

Maji matamu

Bomba la maji matamu linatoka membreni likiwa halina presha yoyote na lazima libaki hivyo. Usiweke koki ya kufunga kwenye njia hii, hata moja. Mtu akiifunga kwa bahati mbaya maji yanarudi nyuma kwa nguvu na gundi za membreni zinaachia, imekwisha. Weka koki ya njia tatu tu, ambayo kila ikigeuzwa kuna upande uko wazi, upande mmoja unaenda kwenye mfereji mdogo wa kuonja na kupima, wa pili unaenda kwenye tangi na kuingilia juu, sio chini.

Nunua kipimo cha chumvi cha mkononi, ni cha bei ndogo. Kila ukiwasha maji ya dakika za mwanzo yanaenda kwenye sinki, unapima, yakisoma chini ya ppm 500 (sehemu 500 za chumvi kwa milioni) ndipo unageuza koki kwenda tangini. Usijaze tangi zote mbili kwa pamoja, moja ibaki na maji uliyoyahakikisha, maana oringi moja ikikatika katikati ya safari unaweza kuharibu lita mia tatu kabla hujaonja.

Waya

Kwa volti 12 waya mwembamba unaiba nguvu. Chukua pampu ya ampea 10 iliyo mita 6 kutoka betri, stima inaenda na kurudi kwa hiyo ni mita 12. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza volti 0.84, pampu inapata 11 na kitu, inapata joto na kuchoka. Kwa waya wa milimita za mraba 6 unapoteza 0.35 tu, na huo ndio wa kuweka. Waya uwe wa nyuzi nyingi uliopakwa bati, fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, sio karibu na pampu. Ya volti 230 angalia mota inavyoanza, mota ya kilowati 1.5 inataka mara kadhaa ya stima yake kwa sekunde ya kwanza na jenereta ndogo inazima, waulize wauzaji kama ina kifaa cha kuanza polepole kabla hamjanunua. Na saketi ya 230 ndani ya boti iwe na swichi ya usalama inayokata stima ikivuja.

Kuwasha mara ya kwanza

Boti iwe kwenye maji safi, nje ya miamba au mlangoni mwa creek (mkono wa bahari unaoingia bara) maji yakiwa yanajaa. Membreni mpya imehifadhiwa na dawa, kwa hiyo fungua koki ya presha kabisa, washa, acha maji yapite bila presha nusu saa. Angalia kila kiungo. Kisha funga koki ya presha taratibu, robo kwa robo, ukiangalia geji na kipimo cha maji matamu kwa pamoja. Maji ya saa ya kwanza mwaga yote.

Hapa kuna kitu vitabu vingi vya mashine havikisisitizi vya kutosha kwa sababu vimeandikiwa bahari baridi. Kiwango cha membreni hupimwa kwenye maji ya nyuzi 25, na kila nyuzi moja ikipanda maji matamu yanaongezeka kama asilimia 3. Bahari yetu wakati wa kaskazi inafika nyuzi 29, 30. Kwa hiyo utafikia lita zilizoandikwa kwenye karatasi kabla hujafika psi 800, labda 700 na kitu. Ukifika hizo lita simama hapo. Usiendelee kukaza eti kitabu kinasema 800, utalazimisha membreni kupitisha maji mengi kuliko ilivyotengenezewa, uchafu unajikandika juu yake haraka. Na ndani ya creek wakati wa masika maji ya mvua yakichanganyika chumvi inapungua, presha inayotakiwa ni ndogo zaidi tena. Angalia lita, geji ije ya pili.

Kwa nahodha, mahali pa kutengeneza maji ni suala la akili ya pwani. Malindi mvua zikinyesha Sabaki inaleta tope jekundu mpaka baharini, filta inajaa kwa muda mfupi, kadhalika mdomo wa Tana pale Kipini na mbele ya delta ya Rufiji. Bandarini Kilindini au Dar usiwashe kabisa, mng'ao wa mafuta unaoelea juu unatosha kuharibu membreni na hakuna sabuni itakayoirudisha vizuri. Tengeneza ukiwa njiani na tanga, au kwenye nanga iliyo wazi kama Kisite au nje ya Mafia maji yakiwa buluu.

Kusuuza

Kila ukimaliza, mashine isuuzwe kwa maji matamu. Weka njia ya mpira kutoka tangi la boti hadi kwenye mashine, katikati weka filta ya kaboni, ile ya tofali gumu la kaboni sio ya chenga chenga, kazi yake ni kunyonya klorini. Membreni hizi haziwezi klorini, hata 0.1 ppm ni nyingi, na maji ya mfereji wa mji au ya bouza, yaani lori la maji, yana zaidi ya hapo. Wengi hujaza tangi hapa kwa maji ya bouza, wanasuuza moja kwa moja, na baada ya miezi maji matamu yanaanza kuwa na ladha ya chumvi hawajui kwa nini. Kaboni inachoka hata kama inaonekana safi, kwa hiyo andika tarehe juu yake na ibadilishe kila miezi sita.

Kiasi ni lita 10 hadi 25 kutegemea ukubwa wa mashine, koki ya presha ikiwa wazi. Usikisie, shika kikombe cha maji yanayotoka upande wa chumvi, pima, yakiwa bado machumvi endelea. Kama mashine haifanyi kazi suuza kila siku tano au saba. Mashine nyingi za kisasa zina taimeri inayofanya hivyo yenyewe, ni nzuri mno, ila nayo inataka tangi lenye maji na betri yenye chaji.

Mwenye boti akirudi kwao miezi sita akaiacha Kilifi au Mtwapa, hapo unahifadhi kwa dawa kupitia ile ndoo na koki ya njia tatu. Kwa mashine za pampu ya pistoni ni unga wa sodium metabisulfite, suluhisho la kama asilimia 1 kwa maji matamu yasiyo na klorini. Vaa glavu, changanya juu sitahani penye upepo, moshi wake unabana kifua na mwenye pumu akae mbali. Baadhi ya pampu za kurudisha nguvu haziutaki huo unga kabisa, zinataka dawa yao au propylene glycol ya chakula, soma kitabu cha mashine ile ile. Na uwe makini sana na neno glycol, maji ya rediata ya magari mengi ni ethylene glycol, ile ni sumu na haitakiwi ikaribie chombo cha maji ya kunywa. Ukimaliza kuhifadhi funga karatasi kwenye swichi: imewekwa dawa, tarehe fulani, usinywe, suuza kwanza.

Maji yanayotoka ni mepesi mno na hayana kinga yoyote ndani yake, kwa hiyo tangi chafu litayaharibu. Safisha tangi siku ya kufunga mashine. Tangi la alumini lisilopakwa litaliwa polepole na maji haya, mwambie mwenyewe mapema.

Vipuri vya kumwachia

Kabla hujapokea pesa yako ya mwisho mpe nahodha sanduku lenye filta za mikroni 20 na 5, kaboni mbili, seti ya oringi za membreni na za nyumba za filta, glycerine, pampu ya kulisha moja ya akiba kwa sababu ndiyo hufa kwanza, fyuzi, na dawa ya kuhifadhia. Kama ni pampu ya pistoni muonyeshe dirisha la oili, ibadilishwe baada ya saa 50 za kwanza kisha kila saa 500, na oili ikionekana nyeupe kama maziwa maji yameingia, azime na abadilishe sili kabla ya kuwasha tena. Halafu mkalishe chini awashe, apime, ageuze koki, azime na asuuze yeye mwenyewe kwa mikono yake, wewe ukiwa umekaa kando unaangalia tu, na arudie mpaka asikuulize kitu.